Gari lililolala miaka: ya kufanya kabla hujagusa stata

Mjomba wangu ni baharia. Mara ya mwisho alipopanda meli aliniachia funguo za Corolla yake, ile tunayoiita NZE, na wasia wa maneno machache: "Uwe waliwasha kila wiki, mpwa wangu." Nililiwasha wiki kama sita hivi, kisha shughuli zikanizidi. Gari likabaki uani Tudor, hapa Mombasa, chini ya mwarobaini, miaka mitatu na nusu. Masika likanyeshewa, kaskazi likajaa vumbi, na majani yaliyoangukia chini ya kioo cha mbele yakaoza hadi yakawa mboji. Siku aliyopiga simu kuniambia anarudi, nilikuwa na wiki tatu za kuficha aibu yangu.

Bahati yangu ni kwamba nilikuwa nimeshaua gari jingine kwa kosa hilo hilo, tena langu mwenyewe. Starlet, imelala zaidi ya mwaka. Niliazima betri ya jirani, nikafunga, nikapiga stata, ikawaka. Nikashangilia mpaka watoto wa mtaa wakaja kutazama. Dakika ya nne ikazima, na haikuwaka tena. Petroli iliyooza ilikuwa imeubeba uchafu wote wa tankini na kuupeleka kwenye pampu na nozeli, vile vinyunyizio vya petroli kwenye injini. Dakika nne hizo zilinigharimu pampu na nozeli zote nne.

Kwa hiyo mwongozo huu una kuwasha gari karibu na mwisho. Kazi yenyewe ni yale yanayotangulia. Mifano yangu ni ya gari la petroli lenye nozeli, kama yalivyo mengi ya mitaani kwetu. La dizeli lina mambo yake ya ziada ambayo sitayagusa hapa.

Zunguka gari kwanza, mikono mitupu

Betri ikiwa bado haijafungwa, chukua tochi ulizunguke gari polepole. Tazama ardhini: doa jeusi ni oili, la kijani au la waridi ni maji ya rejeta, na unyevunyevu upande wa ndani wa gurudumu huenda ni mafuta ya breki. Ukinusa petroli, simama hapo hapo mpaka ujue inatokea wapi.

Kisha fungua boneti. Vaa glavu na ufunge pua na mdomo, kwa sababu mkojo na mavi ya panya hubeba maradhi. Kwenye Corolla ya mjomba, nilipofungua kisanduku cha filta ya hewa nilikuta nyumba kamili: sponji iliyochunwa chini ya boneti, majani ya mwarobaini, vipande vya mfuko wa nailoni, na kokwa la embe lililotafunwa likabaki upande mmoja. Kama ningeliwasha, injini ingejaribu kuvuta pumzi kupitia godoro lile. Waya mbili za nozeli zilikuwa zimegugunwa hadi shaba inaonekana. Fuata kila waya kwa kidole, hasa zile zinazopita juu ya injini, maana panya hupenda pale. Waya iliyoliwa iunganishe kwa risasi ya kuchomelea na uifunike kwa mpira unaobana ukipata moto. Utepe mtupu hautoshi kwa hewa yetu, shaba itaota ukijani kabla mwaka haujaisha.

Chungulia na bomba la moshi. Nyigu hujenga humo, na panya huweka akiba humo. Ingiza waya mrefu taratibu uvute kinachokuja. Mipira ya waipa usishangae ukiikosa, kunguru wetu hawaachi kitu.

Sasa chumvi. Gari lililolala Nairobi na gari lililolala Nyali au Kizingo, kando ya bahari, si wagonjwa wa hospitali moja. Upepo wa bahari huacha chumvi kwenye kila chuma, na chumvi huvuta unyevu, basi kutu hailali usiku wala mchana. Lala chini utazame mabomba membamba ya breki na ya petroli yanayopita sakafuni. Kutu ya juu juu unaweza kuikwangua, lakini bomba lililovimba na kumenyeka magamba lazima libadilishwe. Mbavu za gari, pale chini ya milango inapowekwa jeki, zidunge kwa bisibisi. Ikipenya, hapo usiweke jeki, patapondeka gari likuangukie.

Na kwa kuwa nimetaja jeki: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usilipandishe juu ya mawe ya kujengea. Najua kila mtaa una gari lililokaa juu ya mawe. Jiwe la matumbawe hupasuka bila kuaga. Tafuta stendi za chuma, na kama ua wako ni mchanga, weka ubao mnene chini ya kila stendi isizame.

Betri

Hapa nitakuwa mfupi. Pima kwa mita. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma kama 12.6. Ikisoma 12.4 ina uhai wa kutosha, ichaji. Ikiwa chini ya 12 imeisha, na kama imekaa hivyo miezi mingi, bamba za ndani zimeshaganda na haitashika chaji tena hata ukiibembeleza. Ya mjomba ilisoma 3. Niliipeleka kwa wanunuzi wa betri mbovu, nikanunua mpya.

Wengi husahau ethi, ule waya mnene unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Fungua bolti yake, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, funga, kisha paka grisi juu. Nusu ya magari ya pwani yanayodaiwa "stata imekufa" ugonjwa wao ni huu. Ukifunga betri anza na chanya, malizia na hasi. Hasi ikigusa na kutoa cheche kubwa, kuna kitu kinakula umeme ambacho hukukiwasha. Ondoa upesi ukatafute waya ulioliwa. Ukiridhika, toa hasi tena. Kazi inayofuata ni ya petroli, na hutaki umeme karibu.

Petroli

Petroli si asali. Baada ya miezi mitatu hadi sita huanza kupoteza ule ukali wake, na ikikaa zaidi hugeuka gundi. Fungua kifuniko cha tanki unuse: petroli nzima huchoma pua, iliyooza hunuka kama vanishi ya fundi seremala. Chota kidogo uweke kwenye chupa ya kioo safi, uiache nusu saa. Nzima hung'aa na rangi yake ni nyepesi. Ya mjomba ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na chini yake kukatulia tabaka la maji kama unene wa kidole. Tanki lisilojaa huvuta hewa yenye unyevu usiku likipoa, na unyevu ule hugeuka matone. Kwa unyevu wa Mombasa, matone ya miaka mitatu si kitu cha kupuuza.

Petroli ya aina hiyo hailainishwi kwa kuongezea nyingine juu yake. Imwage yote. Usivute kwa mdomo na mpira. Mbali na sumu, magari mengi siku hizi yana kizuizi shingoni mwa tanki. Kwenye NZE, inua kiti cha nyuma, utaona kifuniko cha duara, na chini yake ndiyo pampu. Fanya kazi nje kwenye hewa, betri imetolewa, hakuna sigara wala jiko la mkaa la jirani. Ondoa kwanza vumbi lote juu ya kifuniko, la sivyo litaanguka tankini. Toa pampu, utazame chujio lake la chini: langu lilikuwa jeusi na gumu kama ganda. Nilibadilisha chujio na filta kwa pamoja. Vuta petroli iliyobaki kwa pampu ya mkono, pangusa sakafu ya tanki kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na ubadilishe mpira wa kuzibia kabla hujafunga.

Ile ya zamani usiimwage mtaroni. Mitaro ya huku kwetu huishia hori la Tudor, na samaki wa hori hilo tunawala. Mafundi wa gereji wataipokea, huoshea vyuma.

Mipira inayopeleka petroli kwenye injini ikunje kwa mikono. Ikionyesha nyufa, badilisha hata kama haivuji leo. Itavuja ikipata presha, juu ya injini yenye moto.

Oili, na kuzungusha kwa mkono

Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na gari hili linahitaji fundi kabla ya kitu kingine. Ikinuka petroli, nozeli zinavuja. Ikiwa nyeusi tu, ni uzee.

Kuna mafundi husema washa kwanza oili ya zamani ipate moto ndipo uimwage. Mimi siwafuati. Oili iliyokaa miaka ina unyevu na tindikali, na ndiyo utakayoitegemea katika zile sekunde ambazo vyuma ni vikavu. Mwaga kabla, weka ya bei nafuu ya daraja linalotakiwa, na filta mpya. Injini ya 1NZ-FE iliyomo ndani ya NZE huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Hii ni oili ya kuoshea, utaimwaga tena baada ya kilomita kama 500.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka. Oili yote imeshateremka sampuni, lile beseni la chini ya injini, na pistoni zimekaa kavu ndani ya silinda. Toa plagi zote, zipange kwa mfuatano wake. Mimina oili safi kijiko kimoja cha chai katika kila tundu, ziba kwa kitambaa, uache mpaka kesho.

Kesho yake nilimwita mzee mmoja fundi wa Majengo aliyenifunza kazi hii, niwe na jicho la pili. Gia zikiwa huru, alinipa spana ya kofia na mpini mrefu, akanionyesha bolti ya puli ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. "Zungusha kama saa, mwanangu, na usitumie nguvu. Sikiliza kwa mkono." Ilisogea robo mzunguko, ikakaza, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Nikataka kukaza. Akaniwekea mkono begani. "Rudisha nyuma kidogo. Tena mbele." Mara ya tatu ikaachia, na nikasikia kwenye mpini ule mgandamo mlaini wa kitu kinachoteleza juu ya oili. Tukazungusha mizunguko miwili kamili. Kama yako haisogei kabisa, ongeza oili silindani uisubiri siku mbili au tatu. Atakayeng'ang'ania atavunja ringi, au bolti yenyewe.

Ikishazunguka kwa mkono, rudisha betri, toa fyuzi au rilei ya pampu ya petroli, chomoa soketi za koili (zinazozipa plagi moto), na plagi zikiwa bado nje piga stata sekunde tano hadi kumi. Funika matundu kwa kitambaa, maana oili itaruka mpaka usoni. Pumzisha, rudia, mpaka taa ya oili izime kwenye dashibodi. Taa hiyo ikizima, oili imeshafika juu, nawe hujachoma hata tone la petroli. Funga plagi mpya, zikaze kwa mkono kwanza zisiharibu meno.

Maji ya rejeta

Fungua injini ikiwa baridi. Yakiwa ya kahawia, mwaga, suuza mpaka yatoke meupe, jaza koolanti inayotakiwa. Nitalisema moja tu: usitie maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na mgao wa maji ukikata, wengi wetu tunavitegemea visima hivyo kwa kuoshea vyombo. Rejeta haiwezi kuvumilia. Bonyeza mipira mikubwa: iliyolegea kama andazi la jana, au inayolia ikikunjwa, ibadilishe. Tazama kama mkanda wa alteneta, mtambo unaochaji betri, una nyufa.

Breki, sehemu ya kutokuwa na haraka

Gari lisilowaka halijamuua mtu. Lisilosimama limeua wengi. Toa magurudumu yote manne.

Mbele, pedi huweza kuganda kwenye disiki. Mara nyingi hutoka kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mpira. Kutu nyembamba ya disiki itakwanguka yenyewe ukianza kuendesha, ila mashimo ya kutu yanataka disiki mpya. Toa pini za kalipa (kile kishikio cha pedi), zisafishe, zipake grisi ya breki, siyo grisi yoyote iliyoko karibu. Pistoni ya kalipa ijaribu kuirudisha ndani: ikigoma, inahitaji mipira mipya.

Nyuma, kwenye dramu, ndiko kwenye maudhi. Handibreki ikiachwa imevutwa miaka, shuu, zile pedi za ndani ya dramu, huing'ang'ania kama koga za mwambani. Legeza kamba ya handibreki, gonga dramu kuizunguka, na dramu nyingi zina matundu mawili ya kuingizia bolti: kaza bolti zote mbili kwa zamu, zitaisukuma nje. Vumbi lake usilipulize, lipanguse kwa kitambaa kibichi.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili hata kwa gari linalotembea. Soma kifuniko uone ni daraja gani, DOT 3 au DOT 4, nunua chupa mpya iliyofungwa. Mnapotoa upepo kwenye mabomba ya breki, anzeni gurudumu lililo mbali na silinda kuu, na aliyekalia kiti asikanyage pedali mpaka sakafuni. Sehemu ya ndani ya silinda ambayo haikuwahi kufikiwa ina kutu na uchafu, na mpira ukipita pale huchanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Mwisho, kanyaga na ushikilie dakika nzima. Pedali ikizama polepole, kuna uvujaji, na gari haliendi popote.

Tairi zina tarehe ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nikiona zimepita miaka sita na zina nyufa, sizitii upepo bali natafuta nyingine. Usisahau ya akiba.

Siku ya kuwasha

Sukuma gari nje. Moshi wa gari ndani ya banda lililofungwa una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Kuwe na mtu mwingine, na kizima moto cha unga. Weka lita 10 za petroli mpya, rudisha fyuzi na koili.

Zungusha ufunguo bila kupiga stata. Utasikia pampu ikivuma sekunde mbili nyuma. Zima, rudia mara tatu ili presha ijae, kisha shuka ukague kila kiungo cha petroli, mbele na chini ya kiti. Pakavu? Sasa piga. Sekunde kumi, si zaidi, kisha ipumzike dakika nzima, kwani stata hupata moto haraka.

Ikiwaka, macho kwenye taa ya oili. Isipozima ndani ya sekunde chache, zima injini. Moshi wa buluu wa mwanzo ni ile oili tuliyoitia silindani, utaisha. Usiikanyage ikapiga kelele, iache ijinong'oneze. Pima betri: kati ya volti 13.8 na 14.4 alteneta yafanya kazi. Subiri mpaka feni ya rejeta ijiwashe yenyewe, pengine dakika 20, ukitazama mshale wa joto. Feni isipowaka na mshale unapanda, zima utafute rilei au swichi yake.

Isipowaka, toa plagi moja. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini hakuna moto wa kutosha. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Hilo litakupunguzia nusu ya ubishi na fundi.

Barabarani

Bima kwanza. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yataka angalau bima ya mtu wa tatu, na gari lililolala kawaida bima yake ilishakwisha.

Anza uani kwa mwendo wa miguu, ukijaribu breki mara kumi. Kisha mitaa ya ndani asubuhi mapema. Baada ya kilomita tano simama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu: lenye moto kuliko wenzake, breki yake imeshika. Daraja la Nyali saa za jioni si mahali pa majaribio, na feri ya Likoni ndiyo kabisa. Gari likizimika kwenye mteremko wa kupandia pantoni, utafahamishwa hisia za mji mzima. Nilipopata imani nililipandisha Mazeras, maana kile kilima kirefu kutoka pwani ndicho kinachojua kama rejeta ni nzima. Kilomita 500 zilipotimia nikamwaga ile oili ya kuoshea, nikaweka nzuri.

Mjomba alifika siku ya Ijumaa. Nikampa funguo, akakaa, akawasha, injini ikashika mara moja. Akaitikia kwa kichwa. Nikajiona fundi. Kisha akabonyeza AC, akakunja uso, akanitazama.

"Mpwa wangu, mbona humu mwanuka panya?"

Filta ya AC hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Kibonyeze kuta zake mbili kitateremka, kisha vuta filta kama droo. Ifungue siku ile ile unayofungua filta ya hewa. Mimi niliifungua mbele yake, na ndani mlikuwa na kokwa la pili la embe.